Moyo wa Fundi Nyoosha

Gari likigongwa, watu wa mtaa ule walijua pa kulipeleka. "Lipeleke kwa Nyoosha," walisema. Bati lililokunjamana kama karatasi liliingia gerejini kwake, akaligonga, akalibembeleza, akaligonga tena. Lilitoka limenyooka hata mwenye gari akasahau mahali lilipobonyea.

Jina lake la kuzaliwa wengi hawakulijua. Mke wake tu ndiye aliyemwita Baba Pacha, kwa sababu walijaliwa mabinti wawili mapacha. Mabinti hao sasa walikuwa wakimaliza sekondari.

Gereji ilikuwa na mafundi wawili. Nyoosha aligonga na kuchomelea. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alipaka puti ya kusawazisha bati, akasugua msasa, kisha akapuliza rangi. Kwa hiyo watu walimwita Rangi. Mashemeji hawa walikuwa chanda na pete. Walifanya kazi pamoja, walitaniana pamoja, na walikunywa pamoja.

Jioni nyundo ikishawekwa chini, walinawa mikono kwa sabuni ya unga, wakavuka barabara na kuingia baa. Mhudumu hakuwauliza wanataka nini. Chupa zilifika zenyewe.

"Gari haliendi bila mafuta," Nyoosha alipenda kusema, akiinua glasi.

"Na fundi haendi bila chupa," Rangi alimalizia.

Walicheka kila siku, kana kwamba utani huo ulizaliwa jana.

Nyoosha hakujiona mlevi hata kidogo. Hakulala mtaroni. Hakumpiga mtu. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufungua gereji. Kwake yeye, mlevi alikuwa mtu mwingine, yule anayeimba njiani na kiatu kimoja mguuni.

Lakini mwili nao una lugha yake. Mwili wa Nyoosha ulikuwa umeanza kunong'ona. Alipovua soksi, zilimwachia mfereji kwenye kifundo cha mguu. Akibonyeza ngozi kwa kidole, kishimo kilibaki. Kitandani mto mmoja haukumtosha tena. Alilalia miwili, kisha mitatu. Akilala bila mito, alijisikia kama mtu amemkalia kifuani.

"Uzee unapiga hodi," alisema.

"Uzee gani?" mke wake alimjibu. "Wewe na kaka yangu mmezaliwa mwaka mmoja. Mbona yeye hahemi akifunga kamba za viatu?"

"Kaka yako ni mwembamba kama msumari. Anahemea nini?"

"Baba Pacha, nenda ukapimwe."

"Nitaenda."

"Lini?"

"Nikimaliza gari hili."

Akimaliza hili, lingine liliingia. Magari hayakuisha na safari ya hospitali haikuanza.

Katika nyumba iliyopakana na yao alikaa mama mmoja, muuguzi wa hospitali. Mtaa mzima walimwita Nesi. Siku moja alikuwa akianika nguo, akamwona Nyoosha ameketi kibarazani, miguu imetuna kama mikate.

"Jirani," alisema, "miguu hiyo siipendi."

"Mimi pia siipendi, Nesi, lakini ndiyo niliyopewa."

Mkewe, Mama Pacha, alicheka. Nesi hakucheka. "Njoo hospitali wiki hii," alisema. "Utani tutaumalizia huko."

Nyoosha hakwenda.

Wiki iliyofuata mafundi walimaliza kazi kubwa. Basi la shule lililokuwa limebonyea ubavu mzima lilitoka likiwa jipya. Mwenye basi alifurahi, akawanunulia vinywaji Jumamosi. Jumapili walijinunulia wenyewe. Jumatatu asubuhi Nyoosha alirudi kazini, kichwa kizito, akaanza kunyoosha mlango wa teksi.

Aligonga mara chache tu. Ghafla moyo wake ulianza vurugu. Haukupiga kwa kasi tu. Ulirukaruka, ukasita, ukaruka tena, kama ndege aliyeingia chumbani akakosa dirisha. Jasho lilimtoka. Macho yaliona giza. Aliiachia nyundo, akaketi juu ya tairi, akavua viatu ili apate hewa.

"Shemeji, vipi?" Rangi aliuliza, msasa mkononi.

"Moyo. Unacheza ngoma yake wenyewe."

"Aa, hiyo ni pombe ya jana inaita mwenzake. Ngoja nikuletee moja baridi, uzimue."

Rangi alivuka barabara, akarudi na chupa imeshafunguliwa. Nyoosha alikuwa ameinyoosha mikono kuipokea pale mke wake alipoingia na chakula cha mchana. Mama Pacha alimtazama mumewe usoni. Aliweka chakula chini. Alimwekea kiganja kifuani, akatulia kidogo, akisikiliza kwa mkono.

"Huu moyo unakimbilia wapi?" aliuliza.

"Nikinywa hii utatulia, mke wangu."

Mama Pacha aliichukua chupa, akamrudishia kaka yake. "Kunywa wewe, au mwaga. Huyu anakwenda hospitali sasa hivi."

"Dada, ni uchovu tu wa—"

"Kaka, sikukuuliza. Leta gari!"

Nyoosha alijaribu kuvaa viatu. Miguu haikuingia. Alikwenda hospitali na ndara za kuogea za Rangi, moja ya bluu na moja nyekundu.

Hospitalini, aliyempokea alikuwa Nesi. Hakusema "nilikwambia." Alimlaza kitandani, akamfunga mkanda wa kupimia presha mkononi, kisha akambandika nyaya ndogo kifuani, mikononi na miguuni. Mashine ikaanza kuchora mistari.

"Hiki ni kipimo cha umeme wa moyo," Nesi alisema. "Hakiumi. Tulia tu. Jirani, unakunywa pombe kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Mama Pacha alikohoa.

"Kidogo ni ngapi?"

"Mbili tatu."

"Mbili au tatu?"

Nyoosha alitazama dari. "Mbili. Halafu tatu."

"Mbili na tatu ni tano," Nesi alisema. "Kila siku?"

"Siku za kazi. Jumamosi hatuhesabu."

"Asante. Ukweli wako ni nusu ya dawa. Ukinidanganya mimi, daktari atautibu moyo wa mtu mwingine."

Daktari alikuwa dada mwenye umri usiozidi miaka thelathini. Alisoma mistari ya mashine. Alisukuma chombo kidogo juu ya kifua cha Nyoosha, akitazama picha ya moyo kwenye kioo cha mashine. Kisha alivuta kiti, akaketi.

"Baba, kazi yako ni ipi?"

"Nanyoosha bodi za magari."

"Vizuri. Nikuulize wewe fundi. Bati ukilikunja na kulikunjua pale pale, kila siku, linakuwaje?"

"Linachoka. Mwisho linakatika."

"Moyo wako umechoka namna hiyo." Daktari alikunja ngumi, akaifumbua, akaikunja tena. "Moyo ni msuli. Unasukuma damu hivi, mchana na usiku. Pombe unayokunywa inapita kwenye damu na kuufikia. Ikifika kila siku, kwa wingi, inaudhoofisha msuli. Moyo unatanuka na kulegea. Hausukumi tena sawasawa. Maji yanabaki nyuma, yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Ndiyo maana miguu imevimba. Ndiyo maana huwezi kulala bila mito."

"Na huku kurukaruka?"

"Moyo una umeme wake unaoupa mpigo. Pombe nyingi inauvuruga umeme huo. Wengine hupatwa baada ya sherehe moja kubwa tu. Moyo ukipiga ovyo, damu inaweza kuganda ndani yake. Donge la damu likienda kwenye ubongo, mtu anapata kiharusi. Anaamka upande mmoja wa mwili umekufa."

Mama Pacha alishika ukingo wa kitanda.

"Na presha yako iko juu," daktari aliendelea. "Pombe nayo inaipandisha. Kwa hiyo moyo dhaifu unasukuma mzigo mzito zaidi."

Nyoosha alifikiria mabati yote aliyowahi kuyatupa kwenye chuma chakavu kwa sababu hayafai tena.

"Kwa hiyo, daktari," alisema polepole, "mimi nimeshakatika?"

"Bado. Na hapo ndipo moyo unapolishinda bati. Bati lililochoka halijirudishii nguvu. Moyo uliochoshwa na pombe, ukiacha pombe mapema na kutumia dawa, mara nyingi unarudisha nguvu. Siwezi kukuahidi yote. Lakini nimeona wengi wakipata nafuu kubwa."

"Nikipunguza? Niache bia, ninywe mvinyo kidogo? Nasikia glasi moja inasaidia moyo."

"Wengi wamesikia hivyo. Siku hizi wataalamu hawamshauri mtu yeyote anywe pombe kwa ajili ya moyo. Bia, mvinyo, konyagi, pombe ya kutengeneza nyumbani, kilevi kilichomo ni kilekile. Kwa moyo kama wako, kipimo salama ni kutokunywa kabisa."

Nyoosha alimtazama mke wake.

"Basi naacha," alisema. "Leo. Hata tone."

"Uamuzi ni mzuri," Nesi alisema, "ila usiufanye peke yako nyumbani. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikata ghafla, mwili unaweza kugoma. Anatetemeka, anaona vitu visivyokuwapo, hata kupata degedege. Inaweza kuua. Ndiyo maana utalazwa hapa. Tutakupa dawa, na tutakuangalia mpaka pombe iutoke mwili kwa usalama."

Akalazwa. Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mikono iliyozoea kushika nyundo haikuweza kushika kikombe cha chai. Shuka ililowa jasho. Mama Pacha alimshikia kikombe. Hakumlaumu. Alimwambia tu, "Kunywa taratibu, hakuna anayekufukuza." Dawa za kuondoa maji zilimpeleka chooni mara kwa mara, na miguu ikaanza kurudi miguu. Mpigo wa moyo ulitulia. Aliporuhusiwa, alivaa viatu vyake mwenyewe.

Nesi alimsindikiza hadi mlangoni. "Vita ya hospitali umeshinda," alisema. "Vita yenyewe iko mtaani. Dawa usiziache hata ukijisikia mzima. Chumvi punguza. Ukiona miguu inavimba tena, uzito unaongezeka ghafla, au huwezi kuhema, usingoje gari liishe. Njoo."

Vita ya mtaani ilianza siku ileile aliyorudi gereji.

"Karibu, shemeji!" Rangi alisema. "Umepungua! Leo jioni tunakupongeza."

"Mimi sinywi tena."

"Kwa leo?"

"Sinywi tena, Rangi."

Rangi alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Sasa wateja tutawapata wapi? Wote tunakutana nao baa. Fundi anayekunywa maji nani atamwamini?"

"Mteja anayetaka gari linyooke atakuja lilipo nyundo. Anayetaka wa kunywa naye, atampata baa. Tangu leo, mazungumzo ya kazi ni hapa kwenye benchi."

"Utaweza?"

"Sijui. Lakini nitajaribu kwa nguvu zangu zote."

Mchana haukuwa na shida. Shida ilikuwa jioni. Nyundo ikishalala tu, koo lilikauka, miguu ikageukia barabarani yenyewe. Nyoosha alimweleza Nesi kupitia ukuta wa ua.

"Hamu ni kama mvua ya ghafla," Nesi alimwambia. "Inakuja kwa kishindo, ukidhani itanyesha mwaka mzima. Jibanze mahali, itapita. Kunywa maji. Ongea na mtu. Badilisha njia. Na njoo kwenye kikundi chetu pale hospitali, kuna wenzako wanaopigana vita hiyohiyo."

Nyoosha alifanya hivyo. Alifunga gereji, akatoka kwa mlango wa nyuma ili asipite mbele ya baa. Alirudi nyumbani kukiwa bado na mwanga. Mabinti walishangaa. Mwanzoni hawakujua wamwambie nini baba anayekaa nao jioni. Baadaye walimkabidhi kisu na vitunguu. Fundi aliyenyoosha basi zima alikata vitunguu vinene kama matofali.

"Baba, hivi ni vitunguu au madigadi ya basi?" binti mmoja aliuliza. Nyumba ikacheka.

Kwenye kikundi alikutana na dereva, mwalimu, na mama mmoja mfanyabiashara. Mama huyo alisema kuwa yeye alikunywa kiasi kidogo kuliko mume wake, lakini yeye ndiye aliyeumwa kwanza. Nesi akaeleza kwamba mwili wa mwanamke, kwa kawaida, huumizwa na pombe haraka zaidi. Nyoosha alisikiliza. Aligundua kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyeimba njiani na kiatu kimoja mguuni.

Siku moja mteja alipenda sana gari lake lilivyonyooshwa, akaleta kreti zima la bia gereji. Alifungua chupa, akamwekea Nyoosha mkononi kabla hajakataa. Povu lilipanda. Harufu ilimpanda puani. Watu walimtazama. Nyoosha alikunywa. Nusu chupa.

"Unaona?" Rangi alisema kwa furaha. "Hujafa!"

Nyoosha aliitazama ile nusu iliyobaki. Alijua kesho atakunywa nzima na keshokutwa mbili, halafu tatu. Aliimwaga sakafuni, juu ya vumbi la msasa. Kisha alimshika shemeji yake mkono, akamtoa nje.

"Rangi, wewe ni ndugu yangu. Nakupenda. Lakini sikiliza vizuri. Ukiniwekea chupa mkononi tena, jua umeniwekea sanda. Mimi sitaki kuwaona wanangu wakimaliza shule kutoka ndani ya picha iliyotundikwa ukutani. Kama huwezi kunisaidia, usinizuie."

Furaha ikamtoka Rangi. Aliinama. "Sikujua ni hivyo, shemeji," alisema. "Nilidhani unaringa."

Nyoosha alikwenda nyumbani akamweleza mkewe mwenyewe, kabla maneno ya watu hayajamfikia. Alingoja kugombezwa.

"Kuteleza si kuanguka," Mama Pacha alisema. "Nesi yuko kwake. Twende."

Nesi alimpima, akampangia kuonana na daktari mapema zaidi. "Mtu anayeficha ndiye anayenitia hofu," alisema. "Wewe umekuja kwa miguu yako. Tunaendelea."

Na wakaendelea. Wateja wengine walipungua, kweli. Wale wa baa walikwenda kwa mafundi wa baa. Lakini kazi ya Nyoosha ilizidi kuwa safi, kwa sababu mikono haikutetemeka na asubuhi haikuanza na kichwa kizito. Wateja wapya walikuja. Mmoja alimwambia mwenzake, "Pale mtu akikwambia Ijumaa, ni Ijumaa."

Rangi naye alianza kuketi benchi jioni na soda mkononi. Alisema ni kwa ajili ya kumpa shemeji kampani. Halafu Mama Pacha akamwambia, "Kaka, na wewe nenda ukapimwe."

"Mimi? Mwembamba hivi? Siumwi popote."

Alikwenda ili aje amcheke dada yake. Alirudi na karatasi ya vipimo mkononi. Presha yake ilikuwa juu.

"Nesi anasema presha haipigi kelele," aliwaambia. "Inakaa ndani kama kutu chini ya rangi. Juu unaona gari linang'aa." Alikwaruza kichwa. "Ameniambia nianze kwa kuacha pombe, nao wataniangalia. Shemeji, huko kwenye kikundi chenu, mtu anaingiaje?"

"Kwa mlango," Nyoosha alijibu, akambana kwa bega. "Alhamisi tunakwenda wote."

Miezi ilipita. Siku ya kupiga tena picha ya moyo, Nyoosha alikwenda na mke wake. Alilala kitandani, daktari yuleyule akapitisha chombo kifuani. Safari hii aligeuza kioo ili mgonjwa aone.

Kwenye kioo, katikati ya kivuli cha kijivu, kitu kilikuwa kinajikunja na kujikunjua. Kilijikunja kwa nguvu, kwa mpigo mmoja, bila kusita.

"Ndio huo?" Nyoosha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndio huo. Ulikuwa umetanuka sana. Umeanza kurudi kwenye ukubwa wake, na unasukuma vizuri zaidi. Mpigo umenyooka. Dawa tunaendelea nazo, na pombe ndiyo basi tena. Lakini baba, kazi hii umeifanya wewe."

Nyoosha hakuweza kuondoa macho pale.

"Huwa unapumzika saa ngapi?" aliuliza.

"Haupumziki. Ulianza kupiga ukiwa tumboni mwa mama yako. Haujawahi kuchukua likizo."

Fundi alifikiria jambo hilo. Yeye alifunga gereji Jumapili. Yeye alilala usiku. Huyu wa kwenye kioo alifanya kazi miaka yote hiyo, hata zile siku alizomwagia sumu, na wala hakumtupa mkono.

"Ulianza kazi kabla yangu," alikiambia kioo. "Basi wewe ni mkubwa wangu. Shikamoo."

Moyo ukaendelea kupiga, taratibu na sawasawa.

"Marahaba," Mama Pacha aliitikia kwa niaba ya moyo, huku akipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake.